"Mentorship" tuiiteje kwa Kiswahili?

Fundi wa Arua: Ndugu zangu, salaam. Nina gereji ya pikipiki hapa Arua. Nimeletewa vijana wawili, na fomu yenye neno "mentorship". Wanagenzi nimefundisha wengi: anakuja, anafungua injini ya Bajaj, anajua kubadilisha pistoni na ringi, anakwenda zake. Fomu inataka zaidi ya hapo. Ni uanagenzi huohuo, au kuna neno jingine?

Mwalimu, Bombo: Si huohuo, ndugu. Mwanagenzi anafuata ufundi. Neno hili lina malezi ndani yake. Limetokana na Mentor wa hadithi za Wagiriki, rafiki wa Odysseus aliyeachiwa nyumba mwenzake alipokwenda vita vya Troy, na mtoto Telemachus akiwamo humo. Mimi naandika "ulezi". Wengine husema "unasihi", ila hilo naona linaishia kwenye ushauri tu.

Bi Mkubwa, Jinja: Waganda wana ssenga, shangazi anayemfunda msichana. Waswahili wa pwani wana somo na kungwi. Anamjua mwali wake kwa jina na kwa tabia! Ukiwaweka watu arobaini ukumbini kwa saa mbili, hiyo ni semina.

Fundi wa Arua: Ahsanteni sana. Mwalimu, umenigusa. Bwana aliyenifundisha alinishikia akiba, shilingi 2,000 kila Jumamosi, mpaka nikanunua spana zangu mwenyewe. Nilidhani ni huruma yake tu. Hawa vijana sijawauliza hata wanalala wapi. Kesho asubuhi nawauliza, kabla hatujafungua injini.