Tupeane uzoefu: kupaka upya rangi magurudumu ya spoku nyumbani

Mwana Raskazone

Wakuu, heshima kwenu. Wenye pikipiki za spoku naomba tukutane hapa. Rimu za aloi zina mambo yake, hizo leo tuziweke pembeni.

Hapa Tanga hewa ya chumvi haina huruma. Rimu ya kromu ni chuma kilichovishwa nikeli, kisha kromu nyembamba juu yake. Kromu yenyewe haioti kutu. Ina vitundu ambavyo macho hayavioni, unyevu wa chumvi unapenya humo na chuma cha chini kinaanza kuoza. Doa ukiliona nje, ujue huko chini limeshatambaa kama upele. Kusugua kwa stiliwaya kila Jumapili kunaondoa wekundu, lakini kunazidi kuimaliza kromu iliyobaki.

Yangu ni Honda XL125 ya zamani. Niliamua kuachana na kromu, nipake silva. Kilichonifungua macho ni kwamba kazi inaanzia ndani ya rimu, pale pasipoonekana. Nilipobandua tairi na kutoa tyubu, ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya nati za spoku ulikuwa umegandia kwenye kutu. Nikauvuta, ukatoka na magamba ya kahawia, mengine yana ncha ya kuchoma kidole. Kumbe zile pancha zilizokuwa zinatokea upande wa tyubu unaolalia rimu, bila msumari wala mwiba, zilikuwa zinatoka humo. Anayepaka nje tu ili ing'ae anaacha adui ndani ya nyumba.

Nilikwangua kwa brashi ya waya, nikapiga msasa namba 80 penye mashimo, halafu 240, nikamalizia na msasa wa maji namba 400. Kuna sehemu wengi wanairuka: ile kromu ambayo bado nzima. Hiyo nayo lazima ife mng'aro wote, kila mahali, hata kwenye kona za nati. Ukiiacha inang'aa, rangi itabanduka vipande vipande kwa sababu haina pa kushika. Baada ya hapo nikapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kutu iliyobaki ikageuka nyeusi, nikafuata maelekezo ya kopo mpaka pakakauka. Kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha mikono miwili (matabaka) myembamba ya silva. Kwa ndani nilipaka praima na mkono mmoja mwepesi tu, ili tairi likae vizuri kwenye kingo zake. Tangu masika ya mwaka jana inashika, na pikipiki inalala nje.

Wenzangu mmefanyaje? Mlifungua spoku zote au mlipaka zikiwa zimefungwa?

Fundi Spana, Mwanza

Mkuu umegusa penyewe, hasa hilo la ndani ya rimu. Mimi ni fundi, niongezee upande wa nati, maana hapo ndipo ninapopokea majeruhi.

Juzi nililetewa TVS ya bodaboda. Kijana alikuwa amepulizia gurudumu zima nyeusi, spoku, nati, habu (kile kitovu cha gurudumu), kila kitu. Limependeza kwelikweli. Tatizo gurudumu la nyuma lilianza kuyumba, na nilipoweka spana ya spoku, nati haikuzunguka. Rangi ilikuwa imeingia pale spoku inapozama kwenye nati, imekutana na kutu ya zamani, vikashikana. Ukilazimisha, nati inageuka pamoja na spoku, na spoku inajinyonga. Zingine zilikatika mkononi mwangu. Gurudumu la namna hiyo ni hatari barabarani: spoku moja ikilegea, mzigo wake wanaubeba jirani zake, nao wanaanza kukatika mmoja mmoja. Na huyu kijana anabeba abiria.

Kwa hiyo kabla hata hujanunua rangi, shika spana ya spoku upitie nati zote, mara nyingi ni 36. Kila moja igeuze kidogo, nusu robo mzunguko, kisha irudishe ilipokuwa. Inayogoma iwekee mafuta ya kulegeza kutu kupitia ndani ya rimu, uiache usiku kucha. Ikiendelea kugoma, badilisha hiyo spoku na nati yake sasa hivi, usiizike chini ya rangi. Mafuta yote yaoshwe kabisa kabla ya praima, maana rangi ikikuta mafuta inatengeneza vijicho, inakimbia na kuacha duara tupu.

Ukishapaka na ikakauka, chukua ncha ya wembe, zungusha pale spoku inapoingia kwenye nati, ukate ile pete ya rangi. Usipoikata, siku ukikaza itachanika na kubeba ngozi ya rangi mpaka chini, maji yaingie. Halafu gonga kila spoku kwa mpini wa bisibisi. Iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Anza na zilizolegea, robo mzunguko kwa mara moja, uzungushe gurudumu uangalie, ndipo uendelee.

Kufungua zote? Kama gurudumu limenyooka, mimi siungi mkono. Kulisuka upya, yaani kuzipanga na kuzikaza spoku zote, si kazi ya kujifunzia kwenye pikipiki unayoitegemea kwa riziki.

Dada wa Ugani

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni afisa ugani, niko Morogoro vijijini na Yamaha AG100. Hizi mashine zinapita kwenye matope na mbolea, ile mbolea ya chumvichumvi inakula chuma vibaya sana, pwani wasidhani wako peke yao.

Mimi sikutoa tairi, maana lilikuwa jipya na ndani rimu ilikuwa safi, nilikuwa nimeikagua wakati wa kuziba pancha. Nilitoa upepo wote, nikakanyaga tairi mpaka kingo zikaachia rimu. Hapo katikati nikachomeka vipande vya boksi gumu, kimoja kinakalia kingine mzunguko mzima, tairi lote likawa limefunikwa. Valvu niliivisha kifuniko chake na karatasi. Habu nikaifunga mfuko wa sukari.

Kwa spoku nilitumia mirija ya soda. Unaipasua kwa urefu kwa mkasi, unaivisha kwenye spoku, inajifunga yenyewe. Inafanya kazi haraka kuliko kuzungushia tepu, na ukimaliza unaivua tu. Spoku zenyewe nilikuja kuzipaka baadaye kwa brashi ndogo ya msanii, silva ya mafuta, nikiwa nimekaa kwenye kigoda jioni na redio. Inachukua muda, lakini brashi inafika pale zinapopishana, ambapo spreyi inaacha kivuli.

Kitu ninachotaka dada zangu na kaka zangu wazingatie ni kuosha. Upande wa cheni kuna mafuta yaliyochanganyika na vumbi, yameshikana na habu. Mafuta ya taa yanayatoa vizuri, ila nayo yanaacha utando. Ndiyo maana baada ya mafuta ya taa lazima upite na maji ya moto na sabuni ya unga, tena na tena, mpaka maji yakimwagwa yanatandaa bila kujikusanya matone. Ukiona matone, bado kuna mafuta.

Likoni Rider

Wadau wa Bara, salamu kutoka Mombasa. Nasoma hapa nafurahi. Nina DT125, rimu ya mbele inchi 21 na ya nyuma 18, kwa hivyo kuna eneo kubwa la kupaka.

Mimi nilienda na rangi ya makopo mawili, ile unachanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), nikaazima kompresa. Ni ngumu kuliko spreyi ya kawaida, na petroli ikidondoka haiyeyushi. Silva ya kopo la kawaida ukiipangusa na petroli kabla haijakomaa inatoka na kitambaa, hiyo nimeona kwa macho yangu kwa piki ya rafiki.

Lakini ninasema hili kwa uzito: hadna ya rangi hizo ina kemikali iitwayo isosayaneti. Inadhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke, kinga ya macho, na upulizie mahali pa wazi ambapo hakuna watoto wala jirani ameanika nguo. Kama huna vifaa hivyo, tumia spreyi ya kawaida au brashi. Hakuna gurudumu linalostahili pumu.

Jambo lingine, breki. Nyuma yangu ni drami. Ndani ya habu, pale breki shuu zinaposugua, pasiingie hata tone. Rudisha kile kifuniko cha breki mahali pake kabla ya kupulizia, au jaza ndani karatasi mpaka pafunge. Beringi nazo uzibe pande zote mbili, vumbi la msasa likiingia huko umejitafutia kazi nyingine.

Babu Honda 50, Unguja

Assalaam alaykum. Nimeona fundi wa Mwanza anakataza kufungua. Kwa kijana wa bodaboda nakubaliana naye. Mimi nina Honda 50 niliyoachiwa na marehemu kaka yangu, na gurudumu lake nilifungua lote, spoku moja moja, na sijuti.

Sababu ni hii: kutu kubwa haiko katikati ya spoku, iko kwenye kiwiko, pale inapojikunja kuingia kwenye tundu la habu. Hapo maji yanakaa, na hapo ndipo zinapokatika. Ikiwa imefungwa, brashi haifiki wala rangi haifiki. Ukifungua utaziona zilizoliwa zimekuwa nyembamba, na hizo usizirudishe.

Anayetaka kufungua afanye kwa adabu. Kwanza piga picha pande zote mbili, karibu na mbali. Pima kwa rula rimu imekaa umbali gani kutoka ukingo wa habu, kulia na kushoto, uandike, kwani rimu si lazima iwe katikati. Spoku za kulia zifunge fungu lake, za kushoto fungu lake, na katika kila fungu tenga zile ambazo kichwa chake kinatazama nje na zinazotazama ndani. Zinafanana kwa macho, mikunjo yake ni tofauti. Kuzipaka nilizining'iniza kwa waya kwenye kamba ya nguo, nikaacha nyuzi zake za kukazia tupu, nimezivika kipande cha tepu. Wakati wa kurudisha, kila uzi nikaugusisha grisi kidogo.

Kusuka ningeweza, lakini kunyoosha nilimpelekea fundi wa baiskeli wa Darajani, mtu ambaye amekunja spoku maisha yake yote. Watu hawa wapo kila mji, na mkono wao ni mwepesi kuliko wa mafundi wengi wa pikipiki.

Mwana Raskazone

Shikamoo babu, na asante sana. Hilo la kiwiko nitaliangalia. Fundi, swali la mwisho kwako: baada ya rangi kukauka, ni muda gani kabla ya kurudisha tairi? Na huku kwetu jioni hewa ikiwa nzito, rangi yangu ilipata weupe weupe juu.

Fundi Spana, Mwanza

Weupe huo ni unyevu. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, inapogeuka mvuke inapoza uso wa rangi, umande unatua juu yake. Paka saa nne asubuhi jua likiwa limeshanyonya unyevu, ila gurudumu liwe kivulini, maana chuma kilichopata jua kali kinakausha rangi kabla haijatandaa. Kati ya mkono na mkono subiri dakika 10 hadi 15.

Tairi lipe wiki nzima ukiweza. Kwa kidole inakuwa kavu siku hiyohiyo, lakini chini bado laini, na chuma cha kubandulia tairi kitaichubua hadi kwenye praima. Siku ya kuvisha, paka kingo za tairi maji ya sabuni, na kila unapoingiza chuma weka chini yake kipande cha tyubu kuukuu. Bodaboda yule niliyemtaja nilimwambia hivyo hivyo, rimu yake ikaingia tairi bila mchubuko. Kisha baada ya safari za wiki ya kwanza gonga spoku tena, kwa sababu rangi iliyokaa chini ya vichwa vya nati hukandamizika na spoku zikalegea kidogo. Hapo unakaza.