Mpwa wangu amepata chuo Houghton, Michigan: nani anapajua?

Kutoka: Mjomba, Dallas

Assalaam aleikum, na habari za wikendi jamaa wote.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa Kilifi, amekubaliwa Michigan Tech kusomea uhandisi wa mitambo, kuanzia muhula wa Agosti. I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza) ameshapata, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350 tumelipa, sasa anangoja tarehe ya ubalozi pale Gigiri. Mimi Texas nimezeekea, lakini huko juu sijakanyaga. Nilipofungua ramani nilishtuka: mji umekaa kwenye rasi inayoingia Ziwa Superior, na kila ukigeuka ni msitu au maji.

Mamake hanipi usingizi. Kaona video ya theluji imefika dirishani, sasa anataka kujua mwanawe atakula nini, na akiugua nani atapata habari. Na mimi nina yangu: bila gari atatokaje huko? Kazi ipo? Mswahili mwenzake atampata? Aliyeishi huko aniambie mazuri na mabaya, asinifiche.

Kutoka: Dada wa misitu, Houghton

Mjomba, shikamoo. Mimi niko hapa hapa, nasoma shahada ya uzamivu ya misitu, kwetu Moshi.

Video ni ya kweli. Msimu wa kawaida hushuka theluji zaidi ya inchi 200, yaani mita tano na ushee. Haishuki kwa mkupuo, huanza Novemba (mara nyingine Oktoba) na Aprili bado unaikuta pembeni mwa barabara. Upepo wa baridi unatoka upande wa Kanada, unapita juu ya ziwa ambalo halijaganda, unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unautua wote juu yetu. Lakini ziwa hilo hilo ndilo linalotupunguzia makali ya baridi. Januari mchana huwa hasi sita au saba, usiku hasi kumi na tatu hivi. Wenzetu wa Minnesota bara wanapigwa kuliko sisi. Mji nao umezoea: malori yanazoa theluji usiku kucha, ndiyo maana kuegesha gari barabarani usiku ni marufuku kipindi hicho, na asubuhi njia zimesafishwa. Asitegemee kipindi kufutwa kwa sababu ya theluji. Hutokea, ila kwa nadra sana.

Mwambie mama mtu kwamba kinachowaangusha vijana wetu si theluji, ni giza. Houghton inatumia saa zile zile za New York, wakati yenyewe iko mbali sana magharibi. Kwa hiyo mwisho wa Disemba jua linachomoza saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na saa kumi na moja na robo jioni limeshazama. Kijana ana kipindi cha saa mbili asubuhi, anaingia gizani. Ana maabara ya mchana, anatoka gizani. Mtu aliyekulia pwani, jua saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, hajui hata kinachomsumbua. Anaanza kulala mno, hataki kula, simu hapokei. Nyumbani wanasema amebadilika, ameanza kiburi. Ikifika Februari mkimwona hivyo msimgombeze. Chuo kina washauri nasaha, aende, haimo kwenye rekodi ya masomo. Na atoke nje mchana hata kama ni nusu saa, jua la kwenye theluji ni kali kweli.

Halafu ajiunge na timu ya broomball. Huu ni mchezo ambao hapa ni kama dini. Wanagandisha viwanja nje, timu za wanafunzi zinacheza mpaka usiku wa manane. Silaha yenu ni fagio: mnakata nyuzi zake, mnazikunja, mnazizungushia tepu tabaka juu ya tabaka mpaka kichwa kinakuwa kigumu cha kupigia mpira. Jambo zuri ni kwamba hakuna kuvaa viatu vya kutelezea. Mnakimbia juu ya barafu na raba zenu za kawaida, kwa hiyo Mmarekani aliyezaliwa kwenye theluji anaanguka sawasawa na mgeni wa Kilifi. Marafiki zangu wengi niliwapata tukiwa chini.

Februari mwanzoni kuna Winter Carnival, tamasha la majira ya baridi, ipo tangu 1922. Wanafunzi wanajenga sanamu za theluji, nyingine kubwa kama nyumba. Vikundi vikubwa vinajenga kwa wiki kadhaa, vingine vinajenga usiku mmoja tu, kuanzia Jumatano mchana mpaka Alhamisi asubuhi, mji mzima unapita kuangalia. Theluji inachanganywa na maji, inapigwa kwenye mbao, halafu inakwanguliwa taratibu mpaka inatoa sura. Avae soksi mbili za sufu, sio za pamba. Pamba ikilowa ndiyo imeisha habari yako.

Kuhusu msitu: njia za chuo zinaanzia nyuma ya majengo, unatembea au unateleza na ski kutegemea majira. Mont Ripley, mlima wa kutelezea, ni mali ya chuo, uko ng'ambo ya mfereji unaotutenganisha na Hancock. Sisi wa misitu tuna kituo Alberta, kijiji alichokijenga Henry Ford mwaka 1936 kwa ajili ya kiwanda chake cha mbao, baadaye kikapewa chuo. Na wale mbwamwitu na moose (wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu) wa kisiwa cha Isle Royale, ambao watafiti wamekuwa wakiwahesabu tangu 1958, wanasomwa kutokea hapa. Mpwa wako ni wa mitambo, hayatamhusu sana, lakini asome Houghton miaka minne bila kupanda meli ya kwenda kile kisiwa, hiyo itakuwa dhambi.

Onyo moja: kuanzia Novemba 15 mpaka 30 ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki. Asiingie msituni siku hizo bila fulana ya rangi ya chungwa.

Kutoka: Mama mmoja, Grand Rapids

Ndugu yangu wa Dallas, mwanangu amemaliza hapo, kwa hiyo mimi nitaongea kama mzazi. Kutoka kwangu mpaka Houghton ni mwendo wa karibu saa tisa kwa gari, na hapo hatujatoka nje ya jimbo. Chicago ni karibu nao kuliko Detroit! Ukishalielewa hilo utapanga mambo yako vizuri.

Kiwanja chao cha ndege ni kidogo, herufi zake CMX, na ndege ni za kutoka Chicago O'Hare. Nakuomba sana, mkate tiketi moja kutoka Mombasa au Nairobi mpaka CMX. Mawakala wa nyumbani watawaambia ni nafuu kukata mpaka Chicago halafu kipande cha mwisho kwa tiketi nyingine. Ukungu au theluji ikifuta hicho kipande na tiketi ni mbili, mtoto analala uwanjani na masanduku yake na hakuna anayewajibika. Kuna basi la usiku pia, linashuka Green Bay mpaka Milwaukee, refu lakini linafika. Tiketi za Disemba mnunue Septemba. Na muulize mapema kama bweni linabaki wazi Krismasi, maana Houghton likizo hugeuka mahame. Mwaka wa kwanza chuo kinataka wakae bwenini, hilo ni jema, chakula kipo na kuna watu. Shida huanza mwaka wa pili wanapotafuta nyumba mjini. Wanangu wawili wa ubatizo walipangishwa chumba na mwenye nyumba aliyewaambia gesi iko ndani ya kodi; Januari bili ikaja kwa jina lao. Aandikiwe kila kitu kwenye mkataba: gesi ya kupasha joto nani analipa, na theluji ya mlangoni nani anazoa.

Kazi: akiwa na F-1, yaani viza ya mwanafunzi, ni kazi za ndani ya chuo tu mwanzoni, zisizidi saa ishirini kwa wiki wakati wa masomo. Jikoni, maktaba, kusimamia ukumbi wa mazoezi. Hela hiyo ni ya simu, nguo na chakula cha wikendi. Mzazi anayefikiri mtoto atajilipia karo kwa kuosha sahani ajue mapema kwamba haiwezekani.

Kazi za kisomo ni hadithi nyingine, na hapa ndipo nakisifu hicho chuo. Kila Septemba makampuni yanapanda huko juu kutafuta wahandisi, na tena muhula wa pili. Mjini wanajazana vijana wamevaa suti chini ya majaketi mazito. Meza nyingi za makampuni zitamwambia hazichukui wenye viza ya mwanafunzi. Asivunjike moyo wala asirudi bwenini, apange foleni meza inayofuata. Akimaliza mwaka wa kwanza anaweza kuruhusiwa mafunzo kazini yanayoendana na masomo, na baada ya digrii ana miezi 12 ya kufanya kazi, pamoja na 24 ya nyongeza kwa sababu ni uhandisi.

Kutoka: Kaka wa Minneapolis

Mimi nasema wazi: mlete huku. Waafrika Mashariki tumejaa, misikiti imejaa, unga, nyama ya mbuzi, kinyozi, kila kitu. Kijana wa miaka kumi na tisa unamtupaje porini peke yake? Asome chuo cha mji miaka miwili kwa bei nafuu, halafu ahamie anakotaka.

Kutoka: Dada wa misitu, Houghton

Kaka, hoja ya bei nakubali, mjomba aipige hesabu kwa umakini. Ya porini sikubali. Nilisoma mwaka mmoja mji mkubwa kabla ya kuja huku, na mwalimu wangu hakujua jina langu mpaka mtihani wa mwisho. Hapa mhadhiri nakutana naye dukani, ananiuliza mbona jana sijafika. Waswahili ni wachache, tukikutana sikukuu tunatosha sebule moja, na hiyo ndiyo sababu kila mtu anamjua mwenzake amelala wapi. Mjomba aliuliza akiugua nani atajua: hospitali iko Hancock, ukivuka daraja tu, na aliyempeleka mgonjwa wetu wa mwisho ni jirani yake Mfini mwenye miaka sabini. Septemba kuna maandamano ya mataifa, wageni tunapita mjini na bendera zetu, wazee wamekaa kando ya barabara kwenye viti vyao wanapiga makofi. Kijana aje na bendera ya Kenya kubwa, iliyopo imechanika.

Lakini kama ni mtu asiyeweza kukaa bila kelele na watu, kaka ana haki. Wapo walioondoka baada ya muhula mmoja, na hawakuwa wajinga.

Kutoka: Mjomba, Dallas

Nawashukuru sana. Kijana ni mtulivu, mvuvi wa ndoano, kelele hazitaki. Nimemsomea mamake yote, la bunduki nimeliruka. Yamebaki matatu: Ramadhani, chakula, na nguo. Mamake ameshaona jaketi zito mitumba ya Kongowea, anataka kulinunua.

Kutoka: Dada wa misitu, Houghton

Mjomba, Ramadhani kwa miaka hii imemwangukia vizuri. Ya 2027 inaingia Februari, mwanzoni saumu haifiki hata masaa kumi na mawili. Juni ndiyo balaa, magharibi inakaribia saa nne usiku, lakini Ramadhani haitafika huko mpaka ameshamaliza. Akifika tu atafute chama cha wanafunzi Waislamu. Nyama ya halali wanaopanga safari ya Chicago huagiziana, wanajaza friza.

Walmart unga mweupe wa mahindi hupatikana, ingawa sio kila wiki. Asichukue ule wa Kimeksiko, umepikwa na chokaa, ugali wake una ladha nyingine kabisa. Sukuma wiki ipo, wanaiita collard. Na wahamiaji wa Kifini waliokuja kuchimba shaba walituachia mkate wao, nisu, una iliki ndani. Anunue mmoja Jumamosi, apashe moto, anywe na chai ya maziwa. Mtoto wa Kilifi atadhani mamake amekaanga mahamri chumba cha pili.

Jaketi la Kongowea mamake aliache, limeshonwa kwa baridi ya Nairobi. Aje na sweta, kikoi, viungo vya pilau na dawa zake. Nguo nzito zinauzwa hapa mitumba pia, na wanaohitimu Mei huacha mali nyingi. Gari asifikirie mwaka wa kwanza, bima ya Michigan ni ghali na hajawahi kuendesha upande wa kulia, sembuse kwenye barafu. Basi la chuo na miguu vinamtosha.

Tarehe ya ubalozi ikitoka niandikie faragha. Na unitumie namba ya viatu vyake, kuna mwenzetu anaondoka na ana buti mbili nzuri anataka kuzigawa, nizizuie kabla hazijachukuliwa.