Mrejesho: kiwanja cha Buswelu kilichojaa sangari

Habari zenu wakuu. Niliuliza nifanyeje na sangari (yale magugu ya nyasi yanayosambaa kwa mizizi chini ya ardhi) kwenye kiwanja changu cha Buswelu, Mwanza, ili nipande mboga. Wengine mlisema dawa ya magugu, wengine jembe uma.

Nilichagua uma, maana kisima cha jirani kiko karibu mno. Nilifyeka, nikasubiri mvua ilainishe udongo, ndipo nikachimbua. Jembe la kawaida hukatakata ile mizizi myeupe na kila kipande huchipua. Uma huiinua ikiwa mirefu, ncha zake kali kama sindano. Nimeianika juu ya jabali (mawe Mwanza hayakosekani!) mpaka ikawa inavunjika mkononi. Msiitupe kwenye mboji ikiwa mbichi.

Upande wa bondeni nimefunika kwa maboksi yaliyolowekwa, juu yake nyasi kavu. Majani chini yamepauka, ila pembezoni sangari bado inapenya, kwa hiyo huko sijapanda kitu. Aliyeshauri nichome moto, samahani mzee wangu: unaunguza majani tu, mizizi inabaki salama.

Palipolimwa nimechanganya samadi iliyooza vizuri. Mchicha umeshaota, figiri inafuata. Vichipukizi nang'oa jioni nikimwagilia.