Kufunga bwawa la kuogelea kabla ya baridi (Columbus, Ohio): nianzie wapi?

Mgeni wa Theluji
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yetu hapa Columbus ina bwawa uani, na mwaka huu nataka kulifunga mwenyewe badala ya kuita kampuni. Sijawahi. Vipimo ni hivi: futi 16 kwa 32, upande wa kina kifupi ni futi 3 na nusu, upande wa kina kirefu ni futi 8. Limechimbwa ardhini na limevikwa ngozi ya vinili. Lina skima moja (mdomo wa ukutani unaonyonya maji na uchafu wa juu), matundu mawili ya kurudishia maji, na tundu la sakafuni kule kwenye kina. Filta ni ya mchanga, ile yenye mkono wa kuzungusha juu, na kuna hita ya gesi. Turubai na mifuko ya maji ya kulikandamiza viko stoo.
Je, nifunge lini? Maji nimwage yote? Antifrizi (kimiminika cha kuzuia maji yasigande) ninunue galoni ngapi? Na ile mashine kubwa ya kufyonza vumbi ya gereji, nikichomeka bomba lake upande wa kupuliza, itatosha kutoa maji kwenye mabomba?

Kaka Dayton
Mwaga yote mkuu, yasibaki hata tone. Bwawa tupu litagandaje?

Fundi Bomba
Usimwage! Samahani Kaka Dayton, lakini kwa bwawa la vinili ushauri huo ni wa hasara kubwa. Maji yaliyomo ndiyo yanayoshikilia ngozi na kusukumana na udongo wa nje. Ukiyatoa, maji ya ardhini yanaingia nyuma ya ngozi na kuiinua, kuta zinaweza kubonyea ndani, na ngozi yenyewe inasinyaa. Vinili ya baridi ni ngumu, kwa hiyo ukijaza tena inachanika kwenye kona. Maji ya bwawani acha yagande juu, hayana neno. Adui ni maji yaliyofungiwa mahali pasipo na nafasi: ndani ya bomba, pampu, filta na hita. Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na plastiki ya pampu haikubali hata robo ya hiyo.

Muda: subiri maji yenyewe (sio hewa) yashuke chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, yaani 60 za Farenhaiti, na yabaki hapo. Kwenu mara nyingi ni Oktoba. Ukifunga Septemba maji yangali vuguvugu, mwani utakula na kuzaliana chini ya turubai, na Mei utafunua kisamvu.

Dawa: bwawa lako ni kama galoni 22,000, lita 83,000 hivi. Siku nne au tano kabla ya kufunga, safisha sakafu na uondoe majani yote, hasa ya mwaloni, maana yanaacha madoa ya kahawia kwenye vinili. Weka pH kati ya 7.4 na 7.6, alkalini kati ya 80 na 120. Kisha jioni mimina klorini ya maji ya asilimia 10. Galoni moja hupandisha klorini kwenye galoni 10,000 za maji kwa ppm 10 (sehemu 10 kwa milioni), kwa hiyo wewe ni galoni mbili na robo. Acha pampu izunguke usiku kucha. Dawa ya mwani ngoja kwanza: ile ya polikwati 60 inaliwa na klorini ikiwa nyingi, umetupa pesa. Pima, klorini ikishuka chini ya ppm 5 ndipo uweke kipimo cha msimu wa baridi kilichoandikwa kwenye chupa, na uzungushe saa kadhaa. Zenye shaba ziache, zinatia madoa.

Usiache vidonge vya klorini vikielea chini ya turubai. Vitasimama sehemu moja na kuipausha ngozi. Na kamwe usichanganye vidonge hivyo na klorini ya unga kwenye ndoo moja, hata mabaki. Huo ni moto, na wakati mwingine mlipuko.

Fundi Bomba
Naendelea, maana sehemu ya mabomba ndiyo inayowaliza watu.

Osha filta kwa kugeuza mkondo wa maji ndani yake, kisha weka mkono kwenye alama ya kutoa maji nje na ushushe maji mpaka inchi 3 au 4 chini ya mdomo wa skima. Usishushe zaidi. Turubai lenu linalala juu ya maji. Maji yakiwa chini mno, theluji italivuta ndani pamoja na mifuko. Matundu ya kurudishia yatabaki chini ya maji, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Zima umeme kwenye breka, sio kwenye swichi ya pampu tu. Funga gesi ya hita. Sasa fungua kila kizibo cha kutolea maji: pampu ina viwili (kimoja chini ya kikapu, kingine kwenye tumbo la pampu, na hiki cha pili watu hukisahau), filta ina kimoja chini, hita ina kimoja au viwili kutegemea aina. Ondoa geji ya filta na kile kijidirisha cha kioo. Vizibo vyote vitie kwenye kikapu cha pampu, Mei hutavitafuta. Mkono wa filta uache katikati ya alama mbili ili mpira wa ndani usikandamizwe miezi sita. Mipira ya vifuniko ipake grisi ya silikoni. Vaseline inaivimbisha.

Kupuliza: hewa iende kwenye mabomba tu, isipite kwenye filta. Tangi la filta likijaa hewa ya kompresa ni bomu, kifuniko kinaruka na kuua mtu. Tenganisha kwenye yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka), au puliza kutoka kwenye pampu kwenda upande wa bwawa.

Anza na skima. Ikitoa mapovu, subiri mpaka yawe mvuke mwembamba tu, kisha piga kizibo cha mpira. Ndani ya skima weka chupa ya plastiki ya lita moja, iliyofungwa vizuri, yenye changarawe kidogo ili isimame. Barafu ikibana, itabonyeza chupa badala ya kupasua skima. Halafu nenda kwenye matundu ya kurudishia. Fungua kile kijicho (mdomo wa plastiki) kinachozunguka. La karibu ndilo litakalotoa mapovu kwanza. Liache litoe kwa nguvu, kisha kaza kizibo hewa ikiwa bado inapita. Hapo tu ndipo la mbali litapata hewa. Kizibo ni cha mpira chenye nati ya masikio. Kabla ya kununua pima tundu, saizi hazifanani. Cha kukaza kama skrubu kizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Antifrizi: ya propilini glaikoli tu, ile ya waridi ya mabwawa na magari ya kulala. Ya kijani ya radieta ni sumu. Bomba la inchi 1.5 linameza karibu galoni moja kwa kila futi 10. Lakini fahamu hili: ile namba ya "-50" kwenye dumu ni ya antifrizi isiyochanganywa. Ukiimimina kwenye bomba lenye maji nusu, umetengeneza maji ya waridi yanayoganda. Ukipuliza vizuri, galoni moja ndani ya skima na bomba lake inatosha.

Mgeni wa Theluji
Asante sana Fundi, Mungu akubariki. Nimejaribu leo mashine ya kufyonza kabla ya siku yenyewe. Skima na matundu mawili yametoa mapovu vizuri. Tundu la sakafuni halitoi hata povu moja, dakika kumi nzima. Bomba limeziba?

Bi Presha
Halijaziba, kaka. Ni hesabu ya kina. Kila futi moja ya maji inadai presha ya psi 0.43 (pauni kwa inchi ya mraba), kwa hiyo ili hewa itokee futi 8 chini unahitaji karibu psi 3.5, sawa na kuinua inchi 96 za maji. Mashine nyingi za gereji zinaishia kati ya inchi 60 na 80. Inasukuma maji mpaka futi tano au sita, halafu nguvu inaisha. Sikiliza mlio wake: ukipanda na kuwa mwembamba, jua hewa haiendi kokote.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuona mapovu. Bomba lile linashuka ardhini kutoka kwenye pampu na kupita chini ya bwawa. Columbus huchukuliwa kuwa udongo unaganda mpaka kama inchi 32. Mashine yako imeshayasukuma maji chini ya hapo. Kinachobaki ni kuyazuia yasirudi: mtu mmoja ashikilie bomba la hewa likipuliza, mwingine afunge vali ya tundu la sakafuni kabla hewa haijakatwa. Hewa iliyonaswa ndiyo kizibo chako. Vali ikivuja, maji yatapanda taratibu tena, kwa hiyo kagua mpira wake kwanza. Weka alama ya kalamu kwenye mkono wake watoto wasiichezee.

Ukitaka mapovu kwa lazima, kodi bloa ya mabwawa (mashine ya kupuliza hewa kwa nguvu). Kompresa ndogo ya kujazia matairi pia inafika, ila weka kidhibiti cha presha chini ya psi 20. Tangi lake linaisha haraka, ungoje lijae, upulize tena. Inachosha lakini inafanya kazi.

Kaka Dayton
Nimekubali, nilikosea kuhusu kumwaga. Na mifuko ya turubai, ijazwe mpaka juu?

Fundi Bomba
Robo tatu tu. Ikijaa pomoni, barafu inaipasua. Ukingo wa bwawa lake ni futi 96, kwa mifuko ya futi 8 ni mifuko 12, igusane bila kuacha pengo. Turubai lizidi bwawa kwa futi 5 kila upimapo, yaani 21 kwa 37, ili lilale juu ya maji bila kukazwa. Matofali na mawe msitumie. Upepo ukivuta turubai, jiwe linaanguka na kutoboa ngozi.

Mama Mapacha
Hapo kwenye watoto Bi Presha amegusa tu, naomba niongeze. Turubai la mifuko halimzuii mtoto. Akikanyaga linazama, na linamfunika. Linalobeba uzito ni la usalama, lenye mikanda iliyofungwa kwenye vishikio vya zege, na kwenye lebo yake utafute ASTM F1346, kiwango cha usalama cha maturubai ya mabwawa. Kama huna hilo, geti la uzio lifungwe kwa kufuli msimu mzima. Maji ya mvua yatakayokaa juu ya turubai yaondoe kwa pampu ndogo ya turubai, kwa sababu hata inchi chache zinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Ila simama uangalie: turubai likiwa na tundu, pampu hiyo itakuwa inanyonya bwawa lenyewe.

Mgeni wa Theluji
Nimeelewa. Ngazi na taa je?

Fundi Bomba
Ngazi itoe, uilaze gereji. Taa iache ilipo maadamu iko chini ya maji. Barafu ikishika juu usiipasue kwa nyundo. Vipande vyenye ncha vinakata vinili kama kisu.

Mgeni wa Theluji
Maji leo asubuhi yalisoma 63. Nasubiri.