WRX ya 2002 imepungua nguvu, asubuhi inatoa moshi wa bluu. Niongeze busti (presha ya hewa ya turbo) au nianzie wapi?

Chalii_wa_Sakina

Wakuu habari za jioni. Nna Impreza WRX ya 2002, ile ya macho ya duara, injini EJ205, gia za mkono, imetembea km 168,000 kwa dashibodi. Nimeinunua mwezi wa 3 kwa kaka mmoja wa Moshi na kusema ukweli hii gari naipenda sana, tangu niko sekondari nilikuwa nasimama barabarani kuangalia magari ya rali yakipita nikajiambia ipo siku.

Sasa shida ni hii. Nikiwa natoka Moshi kupanda huku Arusha, Boma Ng'ombe inaenda vizuri tu, ila nikipita KIA (uwanja wa ndege) nikaanza kukanyaga kuitafuta Usa River inakuwa nzito, ikifika rpm 3,500 pale ambapo turbo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini) inatakiwa ikusukume mgongo kwenye siti inavuta kivivu na nasikia sauti kama ssssss mbele yangu kwenye boneti. Mafuta inakula kuliko zamani, nimefungua plagi moja nikakuta nyeusi tii. Na asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kama sekunde 10 hivi af unaisha. Oili inapungua kama nusu lita kila km 1,000.

Fundi mmoja hapa mjini ameiwasha, akasikiliza dakika mbili akasema turbo imekufa, nilete 1,400,000 atanitafutia nyingine used. Rafiki yangu yeye anasema tatizo gari imezeeka, niweke busti kontrola ya kukaza kwa mkono (nimeshanunua ninayo hapa), dampu valvu ya kutoa hewa nje na egzosi ya inchi 3, itaamka. Nataka kazi niifanye mwenyewe uani, nna jeki, stendi 2, seti ya spana na Jumamosi zote niko free. Nianze na kipi?

Boksa_Njiro

Mkuu hongera kwa gari, ila hiyo busti kontrola irudishe kwenye boksi lake kwanza. Nakuambia kwa nia njema kabisa maana nimeona injini zinakufa hivi hivi.

Angalia dalili zako zote kwa pamoja usizitenganishe. Sauti ya ssss, nguvu imepungua, mafuta inakula, plagi nyeusi. Hiyo gari inapima hewa kwa sensa ya MAF pale kwenye boksi la filta, kompyuta inaona hewa kiasi fulani imeingia inamwaga petroli ya kutosha hiyo hewa, sasa kama baada ya turbo kuna hosi imepasuka ile hewa iliyopimwa inatokea njiani, petroli inabaki nyingi, plagi zinakuwa nyeusi na gari inakuwa nzito. Turbo yako inaweza kuwa nzima kabisa inafanya kazi ya kujaza ndoo iliyotoboka. Ukiikaza na kontrola unailazimisha izunguke zaidi kujaza ndoo ile ile.

Af kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wanalisahau, mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400, hewa ya huku presha yake ni kama bar 0.86 wakati pwani ni bar 1 na kidogo. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu waziwazi, yenye turbo inajitahidi kufidia lakini inafidia kwa kuzunguka zaidi. Piga hesabu: ukiwa na busti ya bar 0.9 Dar, turbo inaikandamiza hewa kama mara 1.9, busti hiyo hiyo hapa Sakina inabidi ikandamize zaidi ya mara 2. Hewa inatoka ya moto zaidi na turbo inachoka zaidi. Ndo maana tundu dogo ambalo mtu wa Tanga asingelisikia wewe linakutesa ukipanda toka Moshi.

Jumamosi fanya hivi. Nenda duka la mabomba nunua mfuniko wa PVC, pima kwanza mdomo wa ile hosi ya hewa inayotoka kwenye MAF ndo ujue saizi. Toboa katikati, pachika valvu ya tairi ya tubeless, ile ya kuvuta na koleo. Peleka gari kwa fundi pancha wa karibu, izime, chomoa hosi kwenye MAF, ingiza huo mfuniko, kaza klipu. Mwambie akujazie hewa TARATIBU, usizidishe psi 15, ukizidisha unaenda kusukuma sili za injini. Injini imezimwa. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, pulizia kila maungio, pale hewa inapotoka utaona povu linachemka lenyewe, huhitaji kuambiwa na mtu. Angalia sana chini ya intakula (kipozea hewa ya turbo), zile hosi za mpira mbili, inayotoka kwenye turbo na inayoingia throto bodi (mlango wa hewa wa injini). Halafu ile hosi kubwa ya kuingizia hewa kwenye turbo inayopita chini ya manifoldi, hizo zikishakaa miaka 20 zinapasuka kwa chini ambako huoni.

Ukisikia hewa inatokea kwenye egzosi usiogope, ni valvu zimekaa wazi, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki af ujaribu tena.

Spana_14_Moshi

Namuunga mkono kaka wa Njiro. Mimi nina Forester turbo naishi Pasua, natengeneza mwenyewe na mume wangu tangu 2017. Naongezea upande wa moshi wa bluu maana naona hajaugusa.

Moshi wa bluu ni oili inaungua, ila inaungulia wapi ndo swali. Ukitoka wakati wa kuwasha tu asubuhi af ukaisha mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, au oili imejikusanya usiku ndani ya turbo. Ukitoka muda wote ukikanyaga, hapo fikiria ringi za pistoni. Kwa hiyo wako kaka angu si lazima iwe turbo na wala si lazima iwe injini kubomolewa.

Turbo unaipima kwa vidole vyako, haipimwi kwa kusikiliza. Injini ikiwa imepoa kabisa toa hosi ya kuingizia hewa, shika ile nati ya katikati ya feni. Itikise kushoto kulia, kuchezacheza kidogo ni kawaida kwa sababu beringi zake zinaelea kwenye oili. Ivute na kuisukuma, mbele nyuma isicheze, ukihisi tu inaingia na kutoka basi hiyo imechoka. Angalia pia ncha za feni kama zimegusa nyumba yake, utaona mikwaruzo inang'aa. Bila kuona hivyo usimpe mtu 1,400,000.

Halafu kuna bomba la kurudisha oili toka kwenye turbo kushuka kwenye injini. Lina kipande kifupi cha hosi, kikiwa kigumu au kimebanwa oili inashindwa kushuka, inatafuta njia inapita kwenye sili za turbo. Turbo inalaumiwa bure. Pamoja na hiyo angalia hosi za kupumulia injini na valvu ya PCV, zikiziba presha inajaa ndani na oili inasukumwa popote penye udhaifu.

Mwisho pima kompresheni (presha ya hewa pistoni ikiikandamiza) mitungi yote 4. Namba utakazopata huku juu zitakuwa chini kuliko za kitabu kwa kama asilimia 15, kwa sababu ya huo mwinuko alioueleza kaka wa Njiro, sasa wapo mafundi wanasoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari wanakwambia injini imekwisha. Wewe angalia mitungi isipishane sana, ikipishana zaidi ya asilimia 10 hapo ndo uwe na wasiwasi. Kupata plagi za kushoto toa betri na tenki la maji ya waipa, za kulia toa boksi la filta. Mkono unapita kwa shida lakini unapita.

Mzee_wa_Bomang'ombe

Vijana mmesema vizuri. Mimi nimlenge mdogo wangu wa Sakina kwenye hiyo kontrola na dampu valvu.

Mwaka 2011 nilikuwa na GC8 (Impreza ya kizazi cha kwanza), nikaongeza busti bila kugusa kitu kingine. Ilivuta vizuri kwa wiki tatu na nikaona wote wanaonionya hawajui. Siku moja nikiwa napandisha Marangu na mzigo, jua kali, nikasikia ndani ya injini mlio kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, mwepesi tu, nikaendelea kukanyaga kwa sababu sikujua ni nini. Haikuchukua km 5. Pistoni ya namba 4 ilivunjika pale kati ya ringi, moshi ukafunika barabara nyuma yangu, nikairudisha nyumbani kwa kuvutwa na Canter.

Ule mlio ni mafuta yanajiwakia yenyewe kabla moto wa cheche haujayafikia. Gari zetu hizi zilitengenezwa kwa soko la Japani zinywe petroli ya premium ya kule, ambayo oktani yake (uwezo wa kutojiwakia ovyo) ni kama 100, ya kwetu iko chini ya hapo. Kompyuta inajitahidi kurudisha taimingi (muda wa cheche) nyuma kulinda injini, lakini wewe ukiongeza hewa kwa mkono bila kompyuta kupangwa upya umeiondolea nafasi yote ya kujitetea. Busti haiongezwi peke yake. Inakuja na mtu wa kupanga kompyuta, geji ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, na pampu ya petroli ambayo una uhakika nayo.

Dampu valvu ya kutoa hewa nje, kwenye gari ya MAF kila ukibadilisha gia unatupa hewa ambayo imeshapimwa, gari inatema petroli nzito kwa muda, plagi zinakuwa nyeusi hivyo hivyo unavyolalamika. Ile ya kiwandani inairudisha ndani, iache.

Hela ya vyote hivyo nunua taimingi belti na vipuli vyake vyote pamoja na waterpampu maana inazungushwa na belti hiyo hiyo. Umenunua gari mwezi wa 3, je unajua ilibadilishwa lini? Ratiba ni km 100,000 na hii injini belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Km 168,000 bila karatasi ya ushahidi mimi nisingelala.

Af ukifika nyumbani toka safari ndefu, kilomita ya mwisho nenda polepole, iache iungurume dakika moja ndo uzime. Oili ikibaki imesimama ndani ya turbo ya moto inaungua inakuwa masizi.

Chalii_wa_Sakina

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Nimerudi na majibu, Jumamosi nzima nilikuwa chini ya hii gari.

Mfuniko wa PVC nimetengeneza kama kaka wa Njiro alivyosema. Fundi pancha wa pale karibu na stendi ya daladala alishangaa sana ila akakubali, akafungulia hewa kidogo kidogo, kwenye psi 8 tu ikaanza kulia ile ile ssss ya njiani, nywele zilinisimama. Nikapulizia sabuni. Chini ya intakula upande wa throto bodi povu likafumuka mpaka likadondoka kwenye gia boksi. Nimetoa intakula, ile hosi ya mpira imelainika kwa oili kama ndizi iliyoiva, na kwa chini klipu imeikata nusu duara, ufa unaingia ukucha. Kwa juu ilikuwa nzima inang'aa, ungeiangalia mwaka mzima usingeona kitu.

Na nimekuta kingine, ile hosi nyembamba inayoenda kwenye westigeti (mlango wa kuzuia turbo isizidishe presha) imefungwa na waya wa bainding na inavuja pia. Hii nayo ina shida gani?

Turbo nimeitikisa, kushoto kulia inacheza kidogo sana, mbele nyuma hakuna kabisa, feni haijagusa popote. Kompresheni nimepata 125, 128, 122, 127.

Boksa_Njiro

Aisee safi sana! Hizo namba kwa Arusha ni nzuri, na kupishana ni psi 6 tu. Injini unayo.

Hiyo ya westigeti usiidharau hata kidogo. Ndo inayoipa westigeti habari kwamba presha imefika ijifungue. Ikivuja westigeti inachelewa, na siku ukiziba lile tundu kubwa la throto bodi busti inaweza kupaa kupita kiasi ghafla. Badilisha zote mbili siku moja. Ila kuwa makini, kwenye mojawapo ya hizo hosi nyembamba kuna kikorokoro kidogo kama shanga kina tundu katikati, kitoe ukiweke kwenye hosi mpya mahali pale pale. Watu wanakitupa pamoja na hosi ya zamani af busti haipandi tena wanarudi kulia turbo imekufa.

Chalii_wa_Sakina

Nimekiona mkuu! Kipo, nimekiweka kwenye kikombe cha chai juu ya kabati watoto wasikifikie. Hosi za silikoni nimeagiza Nairobi zinakuja na basi kupitia Namanga, Alhamisi zitakuwa zimefika. Taimingi belti mzee nimempigia kaka wa Moshi aliyeniuzia, amesema haijui, kwa hiyo naibadilisha mwezi huu kabla ya kitu kingine chochote, gari inalala uani.

Dada Spana, moshi wa asubuhi bado upo. Nataka Jumamosi ijayo nifungue hilo bomba la kurudisha oili. Gasketi ya pale juu kwenye turbo naweza kuirudishia ya zamani?

Spana_14_Moshi

Usirudishie, nunua mpya, na kile kipande cha hosi cha chini nunua cha kuvumilia oili na joto, usiweke hosi ya petroli. Bolti mbili za juu zimwagie WD-40 Ijumaa jioni zilale nayo, zina kutu hizo, ukizilazimisha zinakatikia ndani ya turbo. Ukishatoa bomba lichungulie kwenye mwanga, ukikuta limejaa masizi meusi magumu kwa ndani tupigie picha utuwekee hapa.