Hisa za senti au kampuni kubwa: nina dola 800, niingie wapi?

Mgeni_Sokoni
Wakuu, heshima kwenu. Nina dola 800 ambazo kwa sasa hazina kazi, si za kodi wala za ada. Wiki mbili nazigeuza kichwani na nimebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni kampuni moja ya kutafuta lithiamu. Hisa yake inauzwa senti 2, kwa hiyo napata hisa 40,000. Ikifika senti 10 tu, nina dola 4,000 mkononi. Ya pili ni yale majina ambayo kila mtu anayajua, yaliyoorodheshwa soko la New York. Huko hela hiyo hiyo inanipa hisa tatu nne, halafu nakaa kusubiri gawio la kununulia vocha.

Kusema kweli moyo uko kwenye senti. Kutoka 2 hadi 10 si mbali. Nipeni hoja, matusi wekeni pembeni.

BintiHesabu
"Si mbali." Hapo ndipo ulipoteleza, kaka. Hiyo ni mara tano. Mtu akikuambia kampuni kubwa itatoka dola 200 ifike 1,000 utamwona mwehu, ila kwenye senti unaona karibu kwa sababu tarakimu zenyewe ni ndogo.

Bei ya hisa moja haikuambii kitu mpaka uizidishe kwa idadi ya hisa zote za kampuni. Tuseme hiyo yako ina hisa bilioni 3. Kwa senti 2, soko linaithamini dola milioni 60. Ukitaka ifike senti 10 unadai ithaminiwe milioni 300. Ina nini cha milioni 300? Mizania yake, ile hesabu ya mali na madeni, umeisoma? Hisa moja ya daraja A ya Berkshire Hathaway, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, imeshavuka dola 600,000, kwa sababu tu hazijawahi kugawanywa, yaani moja kukatwa kuwa kadhaa za bei ndogo. Haina maana kwamba ni ghali. Inawezekana kabisa ya senti 2 ndiyo ghali kati ya hizo mbili.

Simba_wa_Senti
Dada, hesabu zako hazina kasoro, ila maisha nayo yana mambo yake. Fungua chati ya Apple, rudi mwanzo kabisa. Utakuta senti 10. Waliokuwa wanacheka wakati ule leo wako wapi? Mimi mwenyewe kuna hisa niliichukua kwa senti 4 nikaiachia kwa 19. Kwenye kampuni kubwa ningeisubiri faida hiyo miaka mingapi?

BintiHesabu
Nilijua Apple itakuja, huwa haikosi kwenye mada hizi.

Apple haijawahi kuwa hisa ya senti. Ilipoingia sokoni tarehe 12 Desemba 1980 iliuzwa dola 22. Baada ya hapo hisa zake zimegawanywa mara tano: moja kuwa mbili mwaka 1987, 2000 na 2005, moja kuwa saba mwaka 2014, moja kuwa nne mwaka 2020. Zidisha zote: hisa moja ya 1980 imezaa 224. Gawa 22 kwa 224, ndizo hizo senti 10 unazoziona. Chati imezirekebisha bei za zamani ziendane na mgawanyo, hakuna aliyewahi kununua kwa bei hiyo. Amazon nayo ni yale yale, iliingia 1997 kwa dola 18.

Na hongera kwa hiyo ya 19. Nyingine ulizonunua mwaka huo zilikwendaje?

Simba_wa_Senti
Marehemu hasemwi vibaya 😄

Kobe_Taratibu
Mnabishana kuhusu kuingia. Mimi niseme kuhusu kutoka, maana ndiko nilikonyolewa bila maji.

Nilinunua hisa 30,000 za kampuni fulani ya dawa. Skrini ilikuwa na bei mbili: mnunuzi anatoa senti 2, muuzaji anataka 2.5. Nikachukua kwa 2.5, dola 750. Kama ningegeuka papo hapo kuuza, ningepewa 600. Sehemu moja ya tano imeshaondoka na bado sijainuka kwenye kiti. Kwenye hisa za kampuni kubwa pengo hilo mara nyingi ni senti moja au chache tu, juu ya bei ya mamia ya dola.

Miezi ikapita, ikafika senti 5. Simu inaniambia nina dola 1,500, nikaanza hata kutembea tofauti. Nikaweka oda ya kuuza zote. Zikaenda 2,000, yaani dola 100, kimya. Ile senti 5 ilikuwa bei ya mtu mmoja aliyenunua kidogo asubuhi, na nyuma yake hakukuwa na foleni. Nikashusha hadi 4.5, nikashusha hadi 4. Kila nikishusha, bei ya skrini nayo inanifuata chini, kwa sababu muuzaji mwenyewe anayeiangusha ni mimi. Wakati nahangaika, kampuni ikatoa hisa mpya ili ipate hela ya kulipa mishahara, kipande changu kikanywea. Mwisho wakaziunganisha hisa, 100 kuwa 1. Siku hiyo nimeamka nina hisa 280.

Kwa hiyo nikiambiwa hisa fulani imepanda mara mbili, kwanza nauliza kwa siku zinabadilisha mikono ngapi.

Mkongwe_wa_Gawio
Kobe pole, umeeleza vizuri. Ila na wale wa kampuni kubwa msizifanye mizimu ya kuabudiwa. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mwaka 2000 ilifika dola 90 kwa hisa, na kufikia Desemba 2001 ilikuwa chini ya dola moja. Benki ya Lehman Brothers ilianza 1850 ikafa 2008. Citigroup, benki ya dunia nzima, Machi 2009 iliuzwa chini ya dola moja. General Electric ilikaa kwenye fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za kampuni kubwa teule za Marekani, mfululizo tangu 1907, wakaitoa 2018. Ukubwa haukingi.

Tofauti ninayoiona mimi ni ile ile ya Kobe, mlango wa kutokea. Hata Enron ilipokuwa inaporomoka, kila siku kulikuwa na wa kununua. Aliyekubali hasara ya asilimia 30 alitoka na 70 yake. (Waliokwama vibaya ni wafanyakazi, hisa zao zilikuwa zimefungiwa kwenye mpango wao wa pensheni.) Tofauti ya pili ni taarifa. Kampuni ya Marekani iliyoorodheshwa soko kubwa la huko inalazimika kutoa hesabu kila robo mwaka, na za mwaka zinakaguliwa. Hizi za senti nyingi ziko soko la kando, OTC, na humo zimo ambazo mara ya mwisho kutoa hesabu hakuna anayeikumbuka.

Nasdaq, moja ya masoko makubwa ya hisa ya Marekani, ina sheria: hisa ikikaa chini ya dola moja siku 30 mfululizo za kazi, kampuni inapewa onyo na kwa kawaida siku 180 za kujirekebisha. Ndiyo maana hisa nyingi za senti si watoto wanaokua. Ni watu wazima waliougua.

Jicho_Kodo
Mgeni, swali moja tu. Hii lithiamu uliisikia wapi?

Mgeni_Sokoni
Kuna kundi la Telegram. Kila Jumatatu wanatoa "hisa ya wiki". Watu wanaweka picha za faida zao, na admini ni mtu mstaarabu sana.

Jicho_Kodo
Mstaarabu lazima awe. Wewe ndiye mnunuzi wake.

Mchezo huu ni wa siku nyingi. Wanakusanya hisa taratibu kampuni ikiwa haijulikani, kisha wanapiga debe. Kwa kuwa hisa hizi hazina wanunuzi wengi, wageni mia mbili wa kundi wanatosha kuipandisha mara tatu. Picha za faida unazoziona zinaweza kuwa za kweli kabisa, ni za waliotangulia. Wao wanauza huku nyinyi mkinunua, na siku wakimaliza debe linanyamaza. Stratton Oakmont walifanya hivyo kwa simu miaka ya 1990 huko New York, na mwenye kampuni, Jordan Belfort, alikiri makosa mwaka 1999. Hata Marekani ilitunga sheria mahususi ya hisa za senti mwaka 1990, na wao wanaihesabu hisa ya chini ya dola 5 kuwa humo. Kilichobadilika ni simu kuwa Telegram.

Simba_wa_Senti
Hapo kwa makundi sibishi, mimi mwenyewe nilishatoka. Ila sikubali kwamba hisa za senti ni za wapumbavu tu. Ukisoma hesabu za kampuni, ukaona ina hela benki na haitegemei kutoa hisa mpya kila miezi sita, unaweza kujaribu. Kwangu ni 5 kwa kila 100, na nikishaiweka nimeiaga.

BintiHesabu
Tatizo ni yule anayeiaga 5, ikifa anaiaga nyingine 5. Mimi naona sifuri. Lakini Simba ni mtu mzima.

Mkongwe_wa_Gawio
Na Mgeni, hiyo hoja ya "hisa tatu nne" imepitwa. Madalali wengi siku hizi wanauza kipande cha hisa, hata cha dola 10. Au nunua mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, kampuni kama 500 kwa mkupuo, yaani moja ikigeuka Enron hutakosa usingizi. Hautakupa mara tano kwa mwaka, na kuna miaka utashuka. Mwaka 2008 ulishuka zaidi ya theluthi.

Mgeni_Sokoni
Wakuu, acha niseme ukweli. Nilishanunua. Hisa 5,000 kwa senti 2, dola 100, nje ya hizi 800. Nilikuja hapa mnipe moyo niongeze.

Kobe_Taratibu
Basi usituamini sisi. Soko likifunguliwa weka oda ya kuuza zote 5,000 kwa hiyo hiyo senti 2 iliyo kwenye skrini. Usishushe. Iache mpaka jioni uje utuambie.

Mgeni_Sokoni
Soko limefungwa. Zimeuzwa 600, dola 12. Dalali amekata ada dola 7. Hizo 4,400 bado zinaning'inia, na kule kundini wameshatangaza hisa nyingine ya wiki.