Datsun 120Y ya 1975 iko Lushoto: nibaki na A12 yake au nifunge 5K ya TownAce?

Chumbageni_Tanga

Wakuu habari za leo, na shikamoo kwa wazee mnaopita humu.

Nipo Tanga mjini. Miaka mingi natafuta Datsun 120Y, na siitafuti ya biashara, naitafuta ya kukaa nayo. Magari ya Kijapani ya miaka ya sabini nayapenda kuliko gari jipya lolote utakalonionyesha. Zile taa mbili za duara, bampa ya kung'aa, usukani mwembamba, hata ule mlio wa mlango ukiufunga. Nikimaliza hii, nataka siku moja iwe na Corolla KE30 pembeni yake, na Mungu akijalia Land Cruiser FJ40.

Sasa nimeipata. Iko Lushoto, kwenye banda nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa bwana shamba, na aliinunua ikiwa mpya. Milango minne, rangi ya maziwa, kadi inasema 1975. Viti ni vilevile vya kiwandani, kimechanika cha dereva tu. Injini ni A12 na mama anasema haijawahi kutolewa. Imesimama muda mrefu sana. Nimeshika pangaboi nikajaribu kuizungusha kwa mkono, imegoma kabisa. Bei milioni tatu.

Fundi wangu hapa mjini ameniambia niachane na hiyo A12. Anasema spea nitazitafuta mpaka nizeeke, bora tufunge 5K, injini ya Toyota TownAce, ipo tayari gereji kwake na giaboksi yake, unaiwasha leo kesho unaenda nayo Dar. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja ya kumjibu. Naomba waliowahi kukaa na hizi gari wanisaidie: hii injini inafufuka? Na bodi niikague vipi kabla sijatoa hela?

Kijana_wa_Sinza

Mkuu, mimi nipo upande wa fundi wako. 5K ni injini ya kabureta, haina mambo mengi, spea ukishuka Gerezani pale Dar unapata asubuhi ileile. Gari ni ya kutembea. Nimeona Datsun nyingi zimeozea uani kwa sababu mwenyewe anasubiri kifaa cha asili. Zilizofungwa injini nyingine ziko barabarani mpaka leo.

Mzee_wa_Voi

Chumbageni, marahaba kijana wangu.

Usiitoe hiyo injini. Nimefanya kazi ya ufundi Voi na Mombasa tangu nikiwa na ndevu za kwanza, na uani kwangu nina 120Y na 160J. Zote mbili zinatembea na injini zilizozaliwa nazo. Kwa hivyo haya nikuambiayo nayafanya kwa mikono yangu.

Kwanza ijue A12 ni kitu gani, maana fundi wako anaiona kama chuma chakavu. Ukubwa wake ni cc 1171, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, na krenki imeshikwa na bearing kubwa tano. Tano! Injini nyingi ndogo za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na tatu. Ndiyo sababu A12 ukiipeleka mbio mlimani haitetemeki wala hailalamiki. Taimingi yake ni ya mnyororo, si mkanda. Vali zinasukumwa na fito kutoka chini, unarekebisha nafasi zake mwenyewe kwa fila (vile vibati vya kupimia nafasi) na bisibisi: 0.35 mm injini ikiwa moto. Kijana aliye makini anajifunza kazi hiyo jioni moja.

Kuhusu spea. Nissan, ndio hao wenye Datsun, hawakuacha A12 miaka ya sabini. Waliendelea kuifunga kwenye pikapu ndogo ya Sunny kule Japani hadi 1994. Na Afrika Kusini wakatengeneza pikapu ya ukoo huohuo, Nissan 1400, hadi 2008, yenye A14 ambayo ni ndugu ya A12. Pampu ya maji na vitu vingi vya nje ya bloku vinaingiliana. Lakini sikiliza vizuri hapa: pistoni ya A12 ni milimita 73 na ya A14 ni 76. Ringi na gasketi ya hedi za A14 usikubali kuuziwa hata kwa bei ya bure. Mimi hutuma kwa mtu anayekwenda Johannesburg kwa vile vya kuingiliana, na vya ndani ya silinda naagiza Japani kwa jina la Sunny Truck. Vinafika.

Na ikiwa unataka nguvu zaidi, kwa nini uingize Toyota ndani ya Datsun? Nissan Vanette ya zamani, ile C120, ilikuja na A15, cc 1488. Hiyo 5K anayokusifia fundi ni cc 1486. Nguvu unayoitafuta iko ndani ya familia. Ukipata A15 nzima ifunge, ukakae na A12 yako umeifunika vizuri kwenye kona ya stoo. Siku ya kuirudisha hutakuwa umekata wala kuchomelea kitu chochote kwenye bodi. Akija na 5K atahamisha vishikio vya injini, atachezea mahali pa giaboksi, atabadilisha propela. Vikishakatwa havirudi.

Sasa kugoma. Injini iliyosimama kugoma si ajabu, mara nyingi ringi zimeshikana na silinda kwa kutu nyembamba. Toa plagi zote nne. Changanya dizeli na mafuta ya giaboksi otomatiki, mimina vijiko vichache kila tundu la plagi, uache siku kadhaa huku ukiongeza. Halafu fungua kifuniko cha vali uangalie: bonyeza kila vali kwa mpini wa nyundo uone inashuka na kurudi. Vali iliyokwama ukilazimisha kuzungusha itakukunjia fito. Ukisharidhika, weka soketi kwenye ile bolti ya mbele ya krenki, gari iwe kwenye nyutro, sukuma taratibu mbele na nyuma. Usitumie stata na usiivute gari kwa kamba. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda. Mimina tena, pumzika, rudia. Ikizunguka mizunguko kamili ndiyo ubadilishe oili na filta, uiwashe.

Kabla ya kuwasha usinyonye petroli kutoka kwenye tangi lake. Tangi lililosimama hivyo lina kutu na gundi, na vyote vitakwenda kwenye kabureta. Funga chupa ya petroli safi juu, peleka mpira moja kwa moja kwenye pampu. Kabureta yenyewe ni Hitachi, ifungue, ioshe, usipoteze zile springi ndogo.

Bodi. Hapa ndipo ulipobahatika na hujui. Gari hiyo imekaa Lushoto, mbali na chumvi. Ingekuwa imelala Raskazone, pale ufukweni Tanga, ningekwambia uifikirie mara mbili, maana bati la 120Y ni jembamba na hewa ya bahari hailihurumii. Injini utapata, giaboksi utapata, lakini bodi ikishaoza unanunua kazi isiyoisha. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa chepesi isikwaruze rangi, uipitishe pole pole. Inaposhika vizuri ni bati. Inapodondoka ni puti ya kuzibia mashimo, na chini ya puti kuna siri. Anzia chini ya milango, urefu wote. Kisha matao ya magurudumu ya nyuma, pembe za chini za kioo cha mbele, chini ya betri, na shimo la tairi la akiba. Inua zulia la dereva na la abiria ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Mvua za Usambara zikipenya kwenye mpira wa kioo, maji hukaa hapo chini ya zulia na hakuna anayeyaona.

Mwisho soma namba. Ya chasisi imegongwa kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, na utaona B210, jina la kiwandani la 120Y, ndani yake. Ya injini iko kwenye bloku, inaanza na A12. Ikiwa namba zote mbili zinalingana na kadi, umepata gari ambalo bwana shamba alilichukua dukani likiwa hivyohivyo. Watu wa kukusanya magari Japani, Australia na Marekani wanazitafuta zilizo hivyo kwa tochi, kwa sababu kwao nyingi ziligeuzwa za mashindano au zikaliwa na chumvi ya barabara za majira ya baridi.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu vijana wengi humu wanazijua Datsun kama magari ya babu tu. Haya magari yana historia yake hapa kwetu. Nissan walianza kuja Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata Herrmann tena, safari hii na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na wa pili nyuma yake Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote kwenye Datsun, wakamaliza na pointi sawasawa, hadi waamuzi wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Akapewa Mehta. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo na Violet, ambayo ndiyo hii 160J. Mara tano jumla, na mtu mwenyewe ni mzaliwa wa Uganda.

Mimi nilikuwa mtoto wakati ule. Pasaka baba alitupeleka kando ya barabara nje ya Voi, tukakaa kwenye magunia. Unasikia kwanza, huoni. Sauti inapanda, kisha vumbi jekundu linasimama juu ya miti, kisha taa. Ikipita, mawe madogo yanakupiga miguuni. Baadaye gari kama ileile ilikuwa inampeleka mwalimu wetu shuleni. Gari iliyoshinda Wazungu mwituni na gari ya mwalimu ni kampuni moja, umbo moja, na fundi wa mtaani alizijua zote. Ndiyo maana nikiona Datsun imefungwa injini ya kigeni naumia. Yako ni 120Y, haikushinda Safari, lakini ni ya ukoo huo na wakati huo, na imefika kwako nzima.

Mpe mama milioni zake tatu ikiwa sumaku imeshika.

Anti_Njiro

Kaka, mzee amemaliza kwenye injini, mimi nikuguse kwenye makaratasi kwa sababu nina Corolla KE20 na Land Cruiser BJ40 na zote nilizipata kwa familia za marehemu.

Hujasema kadi ina jina la nani. Kama ni la marehemu, mama hawezi kukuuzia kwa mdomo hata kama yeye ni mke halali na mnaelewana. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mara nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo pale pale wilayani. Msimamizi ndiye anayesaini mkataba wa mauziano. Na ongea na watoto wote, hata aliye mbali. Mtoto asiyejua leo ndiye anayekuja na barua ya wakili siku gari imeshang'aa.

Pili, angalia namba za usajili. Ikiwa bado ina za zamani, zile za kabla ya hizi zinazoanza na T, nenda TRA na nakala ya kadi uulize inasomeka vipi kwenye mfumo wao KABLA hujalipa. Usije ukafanya matengenezo ya gari ambalo huwezi kulihamishia jina lako. Mimi kwenye BJ40 nililipa sehemu ndogo kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikamsaidia mjane gharama za kufungua mirathi, na nilizobakiza nikalipa siku ya kusaini. Ilichukua muda lakini hakuna anayeninyooshea kidole.

Na tafadhali muombe mama kitabu cha gari, funguo ya pili, risiti za zamani, picha ya mzee akiwa na gari kama ipo. Hivyo vitu viko kwenye makabati ya watu na vinatupwa nyumba ikisafishwa.

Kijana_wa_Sinza

Sawa, kwenye injini mzee ameniongezea elimu, hiyo ya A15 ya Vanette sikuijua. Ila naongeza: breki. Gari iliyosimama hivyo, mpira wa masta silinda na wa silinda za magurudumu umekufa hata kama pedali inaonekana ngumu. Badilisha zote na mipira ya breki kabla ya kuitoa bandani. Pale Lushoto kuteremka Mombo ni kona na makorongo njia nzima, usishuke nayo kwa matumaini. Ipakie kwenye fuso.

Chumbageni_Tanga

Wakuu asanteni sana, Mungu awazidishie. Nimempigia mama. Kadi ni ya marehemu kweli, na mirathi haijafunguliwa. Mtoto wake mkubwa yuko Korogwe, nimeongea naye, hana shida na ananiomba tu gari isikatwe vipande. Fundi nimemwambia 5K aiuze kwa mwingine. Jumamosi napanda na sumaku.

Mzee wa Voi, swali la mwisho: rangi imefifia juu ya paa na boneti. Nipige upya?

Mzee_wa_Voi

Usiiguse kwanza. Rangi ya kiwandani haipatikani mara mbili. Oshea maji na sabuni laini, kisha jaribu rabingi kompaundi laini kwa mkono kwenye eneo dogo la boneti, usianze na mashine. Ikirudi mng'ao hata nusu, iache hivyo na upake nta. Ukikuta bati linaonekana, basi ng'oa mpira wa mlango uangalie chini yake: hapo jua halijafika na ndipo fundi wa rangi atachukua sampuli ya kuchanganyia. Na kibati cha chini ya boneti kipige picha kikiwa na vumbi lake, kabla mtu yeyote hajakisugua. Maandishi yake ni membamba, yanafutika.